Nani Alikuwa Hapa Kiangazi?

Akiingia nyumbani mwa mtu, kitu cha kwanza mama wa ustawi alichogusa kilikuwa mtungi wa maji. Hakuugusa kwa siri. Aliushika shingoni, akauinua kidogo, akaushusha, ndipo akasalimia. Kwa Waislamu alisema salaam aleikum ingawa yeye alikuwa mtu wa kanisa. Kwa wengine, habari ya hapa. Wageni walidhani ana kiu. Sisi tuliomzoea tulijua ameshaanza kazi. Mtungi ukiwa mwepesi saa nne asubuhi, anayemtunza mgonjwa hajapata nafasi ya kwenda bombani, na asiyepata nafasi ya kwenda bombani pengine hajala.

Nilimjua zaidi ya miaka kumi, kuanzia mwanzo wa miaka ya sabini, na sijui alizaliwa wapi. Ni ajabu, maana mimi huuliza kila kitu. Niliacha shule darasa la tano nikafuata malori. Nilikuwa taniboi, yule msaidizi wa dereva anayekaa juu ya mzigo na kushuka kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Kutoka Nanyuki hadi Moyale nimewauliza watu kwa nini ngamia anakataa kusimama, chumvi inatoka wapi, kwa nini kisima hiki ni kitamu na kile ni kichungu. Lakini mbele ya mama wa ustawi sikupata zamu. Muulizaji alikuwa yeye.

Kazi yake ya ustawi wa jamii, pale Isiolo, wachache waliielewa. Kila mtu mzima asiyejiweza, mjini na vijijini, awe kipofu, aliyepooza, mwenye kifafa au mzee aliyesahau majina ya watoto wake, alikuwa na faili katika ofisi yake ya chumba kimoja. Ndani ya faili mlikuwa na mpango. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa huyo mtu: nani anamwinua, nani anamwosha, nani anamlisha. Ukurasa wa pili ulikuwa wa yule anayemtunza bila malipo, mke au binti au mkaza mwana: analala saa ngapi, anaumwa wapi, akichoka nani anampokea. Kila baada ya miezi kadhaa alirudi kuufanya mpango upya, na hapo ndipo watu walipomshangaa.

"Si uliandika mwaka jana?" mwanamke mmoja alimwambia.

"Niliandika. Mwaka jana ulikuwa na huu mgongo?"

Alikuwa na msemo kwamba mpango ni kama maziwa, ukikaa unaganda. Siku moja mzee wa Kiborana akamjibu kwamba maziwa yakiganda ndiyo matamu. Akafikiri kidogo. "Basi mpango ni kama nyama," akasema, na kuanzia siku hiyo ukawa nyama.

Ndani ya mfuko wa turubai alioushona mwenyewe alibeba penseli na kalamu ya wino. Jina la mtu aliyeahidi kusaidia aliliandika kwa penseli. Jina la mtu aliyemkuta akisaidia, kiangazi kikaja kikapita na bado yupo, aliliandika kwa wino. Wanawake walikuwa wino karatasi nzima. Sisi wanaume tulikuwa penseli tupu. Mzee mmoja wa mtaa wa Bulla Pesa alilalamika, "Mimi ndiye mwenye boma. Mbona umeniandika kama mtoto wa shule?"

"Kwa sababu, mzee, wewe naweza kukufuta bila kuharibu karatasi."

Alikuwa mpole kwa wagonjwa na mkali kwa wazima. Alinusa ugoro na hakuona haya. Akikutana na nyanya wa Kiturkana wasiosikilizana lugha, walikaa kivulini wakibadilishana kikopo, wakipiga chafya kwa zamu, na akiondoka pale alikuwa amejua mambo ambayo mkalimani asingeyapata. Afisa wa Isiolo nzima, na aliogopa mbuzi. Mbuzi mmoja aliwahi kumlia mtu mpango wake, ukurasa wa kwanza wote na robo ya wa pili, na tangu hapo akiona mbuzi alikumbatia mfuko kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

Ugumu wa kazi yake ulikuwa salamu. Kwetu Waborana ukiulizwa hali unajibu nagaa, yaani amani. Ng'ombe wamekufa, nagaa. Mtoto ana homa, nagaa. Mabaya yanakuja baadaye, polepole, kama yatakuja. Wengine nao wana "mzuri tu" yao. Kwa hiyo ukimwuliza mwanamke ambaye amemgeuza mumewe kitandani miaka minne kama amechoka, atakuambia salama. Mama wa ustawi hakubishana na salamu. Aliiacha ipite. Alivua viatu, akakunja mikono ya sweta, akasema, "Leo nipe mimi nimgeuze." Alimgeuza mgonjwa, akamfuta, akabadilisha shuka, na muda wote huo mwenye nyumba alisimama hana la kushika. Kidogo kidogo alianza kusema. "Mikono ikikosa kazi," mama wa ustawi aliniambia njiani, "mdomo unaona nafasi yake."

Swali lake maarufu, lile la kiangazi, hakuja nalo. Alilipata Oldonyiro, na mimi nilikuwepo.

Tulikuwa tunakwenda kupakia mbuzi sokoni, naye akaomba lifti. Ilikuwa mwisho wa mvua, nyasi zimefika magotini. Alikwenda kwa bibi mmoja wa Kisamburu, kipofu, miguu imekwisha nguvu, na pale bomani alikuta watu wengi na furaha nyingi: wajukuu watatu wa kiume, wasichana wawili, mkaza mwana, maziwa kila kibuyu. Kila mmoja alisema atasaidia. Aliandika mpaka akageuza karatasi. Kurudi garini alikuwa anaimba.

Miezi ilipita, vumbi likarudi, tukaenda tena. Bomani palikuwa na mkaza mwana peke yake, mimba kubwa, amembeba bibi mgongoni. Alikuwa anamhamisha. Jua likisogea kivuli kinasogea, na bibi hawezi kukifuata, basi mara nne au tano kwa siku yule mwanamke alimbeba na mimba yake kutoka upande huu wa nyumba kwenda upande ule.

"Wengine wako wapi?"

"Na ng'ombe."

Hakusema kwa hasira. Kiangazi ng'ombe wanafuata nyasi na watu wanafuata ng'ombe, kila mtu anajua. Alituletea chai ya rangi, akakaa, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, pole kabisa, "Wale watu ya kitabu yako, tumewangoja sana."

Kurudi, mama wa ustawi alikaa kati yangu na dereva. Taa za Isiolo tulikuwa hatujaziona bado, lakini kilima tulikiona, ndipo akasema, "Nimemwandikia mvua."

"Nini, mama?"

"Yule dada. Nimemwandikia mvua, na yeye anaishi kiangazi."

Hakuichana ile karatasi. Aliandika juu yake kwa wino "Nilikosea", akatia sahihi, akaiacha ndani ya faili. Kuanzia hapo kila nyumba aliyoingia, baada ya mtungi na baada ya salamu, aliuliza: nani alikuwa hapa kiangazi?

Sasa nifike nyumbani kwetu, ingawa ningependa kuzunguka zaidi.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe zamani. Walipokwisha akawa mswagaji wa ng'ombe wa wengine, akiwaleta mnadani kwa miguu kutoka mbali. Asubuhi moja aliinama kufunga kiatu asiinuke. Upande wa kulia ulikufa, na sauti pia. Ulibaki mkono wa kushoto, na macho ambayo hayakukosa kitu. Aliyemtunza alikuwa dada yangu Halima, amerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe kabla hawajapata mtoto. Mama yetu alikuwa amekwisha kufa.

Kwetu binti hamwoshi baba yake. Ni aibu ya wote wawili. Halima alifanya hivi: alimfunika baba shuka kutoka shingoni hadi miguuni, akaingiza mkono wenye kitambaa chini ya shuka, na uso wake akaugeuzia ukutani. Baba alifumba macho. Hakuna aliyemwona mwenzake. Walifanya hivyo kila asubuhi, na hakuna mtu aliyewahi kulitaja mpaka mama wa ustawi alipoliona na kuliandika. Ofisi ikatafuta mwanamume mmoja wa msikitini, akawa anakuja Jumanne na Ijumaa kumwosha baba. Siku mbili katika saba Halima alipumzisha macho yake.

Kisha mvua ikaja, na mimi nikaja nayo. Barabara ya kaskazini ikiwa tope malori hayatoki. Nilikaa nyumbani zaidi ya miezi miwili. Nilimwinua baba, nilimwosha asubuhi na jioni, na nilikuwa hodari, nisijifiche. Mama wa ustawi alikuja kuufanya mpango upya akanikuta nimeshika kitambaa. Aliniandika, kwa penseli kama kawaida: mwana, kuosha na kuinua. Na kwa kuwa nyumba yetu sasa ilikuwa na watu wawili, yule mtu wa Jumanne na Ijumaa alipelekwa kwa mama mmoja aliyekuwa peke yake na wana wawili wenye kupooza. Ilikuwa haki. Hata Halima alisema ni haki.

Wakati huo tayari kulikuwa na bahasha ya kahawa ukutani. Kwetu mposaji hutuma buni na tumbaku. Buni zikikaangwa kwa samli, na baba wa binti akatafuna, jibu ni ndiyo. Zikirudishwa, ni hapana. Mtu mmoja wa kijiji cha Korbesa, aliyefiwa na mke, mwenye ngamia na mwenye maneno machache, alikuwa amemtumia Halima. Halima hakuzirudisha wala hakuzikaanga. Alizitundika msumarini, juu ya kitanda cha baba, na kila aliyeingia aliziona na kila aliyeziona alinyamaza.

Barabara ilipokauka nilisikia gia za malori usiku na mchana. Nikamwambia Halima, "Narudi wiki ijayo."

"Wiki ijayo ya nani?" aliuliza.

Nilikaa barabarani miezi mitano.

Yaliyotokea nimeyasikia kwa Ekai, jirani yetu wa ukuta mmoja, Mturkana, mlinzi wa mchana kwenye duka la mbao. Yeye na baba walikuwa wametaniana miaka mingi juu ya ng'ombe ambao babu zao waliibiana. Alasiri moja Halima alikuwa bombani, foleni ndefu kwa sababu maji yalikuwa yanatoka kama machozi. Aliporudi alimkuta baba ameanguka kutoka kitandani na amejivuta kwa mkono mmoja mpaka mlangoni, juani. Alimwinua peke yake. Mgongo ukamkatika, akaanguka naye, na hakuna kati yao aliyeweza kuinuka. Upepo ulikuwa unapiga mabati, hakuna aliyesikia. Ekai alikuja jioni kuomba moto.

"Nimekuta wao wawili chini," Ekai alisimulia, "moja ameshika ingine. Nikasema, hii Borana sasa wanapigana mieleka? Kumbe binti amemfunika baba na mwili yake, jua isimchome." Alicheka aliposema hivyo, halafu akaacha kucheka.

Mama wa ustawi alikuja kesho yake. Alifungua faili, akasoma mwandiko wake mwenyewe, jina langu pale kwa penseli, akakaa chini sakafuni. Alikuwa amelijua kosa hili tangu Oldonyiro. Alijua wafugaji wanahama. Hakufikiria kwamba taniboi naye ni mfugaji, na ng'ombe wake ni lori.

Yule mtu wa Jumanne na Ijumaa hakuweza kurudishwa, maana yule mama mwingine naye alikuwa amemtegemea. Majirani walipokezana zamu, Ekai mbele yao. Halima alilala chali wiki tatu. Alipoweza kutembea alikwenda ofisini kumwambia mama wa ustawi maneno aliyoyaweka wiki tatu zote. Hakumkuta, akaambiwa nyumbani kwake, akaenda.

Hapo ndipo jambo lingine lilipojulikana. Mama wa ustawi alikuwa na mama yake mzazi nyumbani, kikongwe aliyekuwa anatoka nje akitafuta mto ambao uko wilaya nyingine. Aliyemtunza alikuwa binamu, mwanamke wa makamo. Halima alipofika, mama wa ustawi alikuwa anamgombeza huyo binamu kwa sababu hakuufunga mlango kwa ufunguo.

"Huyu ana faili?" Halima aliuliza pale mlangoni. Hata salaam hakutoa.

"Nani?"

"Mama yako. Na huyu anayemtunza."

"Wanalo."

"La lini?"

Akajibu binamu, haraka, kama watu wote: "Mimi mzima tu, dada. Hapa hakuna shida."

Halima alikwenda kwenye pembe, akaushika mtungi, akauinua. Ulikuja juu kama karatasi.

Yeye mwenyewe alinihadithia kwamba hakusema lile lililompeleka. Halikuhitajika tena. Mama wa ustawi alivua viatu akaenda kwa mama yake, na Halima na binamu walikaa nje. Faili la nyumba ile, ilikuja kujulikana, lilikuwa kuukuu kuliko yote mjini: miaka mitatu halijaguswa. Mtu aliyewafundisha wengine kuuliza. Nimelifikiria sana hilo, juu ya magunia, barabara ndefu. Sijaona kwamba lilimfanya mwongo. Naona tu kwamba pale kwake hakuwa na mtu wa kumwinulia mtungi.

Mimi mama wa ustawi alinikuta kwenye kizuizi cha barabarani, pale malori ya kaskazini yanapokaguliwa. Tulikuwa tumetoka Nairobi, tunapita tu. Alisimama chini akaniita.

"Shuka."

"Mama, tunaondoka sasa hivi."

"Basi sikia ukiwa huko juu, na wenzako wasikie." Akanieleza yote, mtungi, jua, mgongo, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. "Kosa langu nimeliandika na nimetia sahihi. Lako uko nalo."

"Nitarudi, mama."

"Hilo ni la penseli," akasema, akaenda zake, anachechemea goti.

Ningependa kuandika kwamba niliruka. Sikuruka. Nilikwenda hadi Moyale, nikapakua, nikapakia. Lakini ile safari sikuuliza mtu swali hata moja, na dereva akaniuliza kama naumwa. Tuliporudi Isiolo nilishusha sanduku langu, na dereva akamchukua taniboi mwingine siku ileile.

Nilikaa. Mvua ilikuja, nikakaa. Hilo si sifa, nilishawahi. Kisha barabara ikakauka, gia zikaanza, na nikakaa. Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, na kiangazi kile kilikuwa kibaya, mizoga ilifika mpaka kando ya mji. Nilimwosha baba asubuhi na jioni. Halima hakuugeuzia tena ukuta uso wake.

Mwisho wake mtu wa Korbesa alituma neno kwamba wazee wake watakuja Ijumaa. Wamengoja sana, na hawana ubaya, lakini wanataka jibu moja au lingine. Halima alinitazama, akatazama msumari.

"Mimi siendi kwa penseli," akasema. "Mama wa ustawi akikuandika kwa wino, nitakaanga. Asipokuandika, wataondoka na buni zao."

Alikuja Alhamisi, saa nne. Alikuwa anastaafu mwezi huo, na alikuwa anapita kila nyumba mara ya mwisho ili atakayempokea asirithi nyama iliyooza. Nywele zilikuwa nyeupe na goti limefungwa kitambaa. Aliinua mtungi. Ulikuwa umejaa, nilikuwa nimehakikisha. Akanitazama kidogo.

"Salaam aleikum hapa."

"Aleikum salaam, mama."

Akavua viatu. Alimgeuza baba, akakagua mgongo, visigino, nyonga, pahali panapooza mtu akilala upande mmoja. Hakukuta kidonda. Akapiga magoti mbele ya uso wake, kwa shida, akamwuliza yeye kwanza, kama ilivyokuwa haki yake: "Mzee, nani alikuwa hapa kiangazi?"

Baba aliinua mkono wa kushoto akaunyosha kwangu. Ekai, aliyekuwa ameacha lindo dukani na kusimama mlangoni kwa sababu hawezi kukosa jambo, akapiga kelele, "Na mimi je? Hii mzee ni mwizi kama babu yake!" Baba akamwongezea kidole kimoja.

Mama wa ustawi akafungua ukurasa wa pili. Akatoa kalamu ya wino. Halima alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Na wewe, Guyo. Hali yako?"

"Salama," nikasema.

Akafunga kalamu akairudisha mfukoni.

"Mama, amekaa," Halima akasema. "Nimemwona mimi. Hakutoka."

"Nimesikia. Lakini aliye salama hana haja ya ukurasa, na mimi siwezi kumwandika mtu nisiyemjua." Akanisogelea, akachukua kitambaa cha kuoshea begani kwangu, akabaki nacho yeye.

Nilikuwa nimesimama sina la kushika. Miaka yote niliwacheka watu wa nagaa. Na nilijua kwamba kama nikisema ninalolijua, Halima atazishusha buni na kesho zitarudi Korbesa. Nikilificha, wino utakuwa wa uongo, na kiangazi kijacho yeye atakuwa mbali asiweze hata kuanguka na baba.

"Jumanne ile ulipokwenda mazishini," nilimwambia Halima, si mama wa ustawi, "nilimwacha baba. Nilikwenda kituo cha mafuta nikapanda lori la Marsabit. Nilikaa juu ya magunia. Lilitoka nami. Nilishuka pale kwenye kilima, nikarudi kwa miguu. Nilimkuta amelowa na analia. Nikakuambia ni sasa hivi tu."

Halima aliuachia ukingo wa kitanda.

"Na akikohoa asubuhi," nikasema, "kabla sijafungua macho, nachukia. Simchukii yeye. Nachukia kwamba ni asubuhi tena."

Baba alikuwa anasikia. Macho yake hayakuondoka kwangu.

Halima alinyosha mkono juu akaishusha bahasha msumarini. Vumbi lilimwangukia usoni. Alisimama nayo, na nilijua ninachokitazama.

"Ukipanda lori," mama wa ustawi akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "unahitaji siku ngapi ndipo urudi ukiwa mtu?"

"Tatu. Au nne."

"Sema moja."

"Nne."

"Kwa mwezi?"

"Kwa mwezi."

"Ekai."

"Naam, mama."

"Unaweza kumwosha huyu adui yako siku nne kila mwezi?"

"Mimi nimetafuta huyu mtu miaka mingi nimpate hawezi kukimbia," Ekai akasema, "na wewe unasema nimwoshe tu?"

"Kiangazi kilichopita ulikuwa wapi?"

"Hapa. Nitaenda wapi? Mbuzi zangu ni mbao."

"Na ukiugua wewe?"

Safari hii Ekai hakutania. Nadhani hakuwahi kuulizwa. "Kuna kijana ya dada yangu," akasema. "Ana mikono mzuri."

"Yule atakuwa penseli." Akatoa kalamu ya wino tena, akaweka faili juu ya goti lake zima, akaandika. Aliandika polepole, maana macho yalikuwa yamechoka. Jina langu. Chini yake, siku nne kila mwezi, lori. Chini yake, Ekai. Chini yake, kwa penseli, kijana wa dada yake Ekai.

"Umemwandikia kutoroka?" Halima akauliza.

"Ataenda tu, hata nisipoandika. Afadhali ijulikane siku gani." Akapuliza wino ukauke.

Halima aliipangusa ile bahasha vumbi. Kisha akaniuliza, kwa ukali, kama mtu ambaye amepotewa na kitu kidogo cha jikoni, "Samli mmeweka wapi?"

Buni zilipasuka ndani ya samli moja moja, na harufu ikatoka mpaka duka la mbao. Mama wa ustawi alikuwa anafunga mfuko. Alipofika mlangoni aliinua mtungi tena, kwa mazoea. Halima alikuwa ametumia maji mengi. Akaniwekea mkononi. Nikaenda bombani, foleni haikuwa ndefu, na niliporudi alikuwa ameshakwenda, sikumwona tena. Ekai alikuwa amemkalisha baba, amemwegemeza kifuani mwake. Halima alikuwa ameiponda buni moja kwa kijiko mpaka ikalainika, akamtia baba mdomoni upande uliobaki hai. Baba alikuwa anatafuna, polepole sana, samli inamtiririka kidevuni, na Halima amesimama mbele yake akingoja amalize.